Ushahidi wa Mtu Asiyesikia

Katika hafla ya kuniaga, mmoja wenu alisimama akasema kwamba mimi Justa nilikuwa daraja kati ya mahakama na wananchi. Watu wakapiga makofi. Nami nilitabasamu, maana pilau lilikuwa bado halijapakuliwa. Lakini tangu nirudi nyumbani Kibeta, nikikaa na migomba yangu, nimelifikiria sana hilo daraja. Daraja ni kitu ambacho watu hukikanyaga wakiwa na haraka ya kufika ng'ambo. Huenda msemaji alisema kweli bila kukusudia.

Ninyi makarani vijana mnaokaa sasa kwenye kile kiti changu cha kutafsiria, sitawasumbua na habari za vyeo. Vyeo vya karani wa mahakama vinatosha kuandikwa nyuma ya tiketi ya basi. Nitawaeleza kazi yenyewe, na hasa kesi moja, kwa sababu nasikia bado mnafundishwa kwamba asiye na lugha hana anachokijua. Nilifundishwa hivyo hivyo. Aliyenifundisha alikuwa na shahada.

Nilianza Bukoba mjini, muda mfupi kabla ya vita. Aliyenipokea alikuwa Ta Kyaruzi, mkalimani mzee, mwembamba, ambaye mfuko wake wa koti ulijaa kahawa za kutafuna ili asisinzie mawakili wakihutubia. Siku yangu ya kwanza nilisimama kizimbani karibu na shahidi nikasema, "Mheshimiwa, anasema amepigwa na jirani yake." Ta Kyaruzi akanikanyaga mguu. Tulipotoka nje akaniambia, "Mwanangu, nani kapigwa?"

"Yule shahidi, waitu," nikajibu kwa neno letu la heshima.

"Basi sema, 'Nimepigwa.' Akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'. Akitukana, tukana. Mahakamani kuna anayesema na kuna anayeandika. Wewe hupo."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa. Vifaa vya kazi vilikuwa kikombe cha maji na kiti kisicho na mgongo. Nilijifunza haraka namna mambo yanavyokwenda. Shahidi alisema kwa Kihaya, mimi nikageuza kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza. Halafu shahidi alisomewa kwa Kiswahili kile kilichoandikwa kwa Kiingereza kuhusu alichokisema kwa Kihaya, akaulizwa kama ni sawa. Wote walijibu ni sawa. Ungekuwa wewe, na askari amesimama nyuma yako, ungejibuje?

Kulikuwa na kesi ya mkungu wa ndizi ulioibwa. Mwenye shamba alitaja aina ya mgomba wake, wa kupika. Mkungu uliokamatwa nyumbani kwa mshtakiwa ulikuwa wa ndizi za pombe, na kila Mhaya mle ndani, hata watoto waliokuwa wakichungulia dirishani, aliona tofauti. Nilitafsiri tofauti hiyo kwa uangalifu. Hakimu akaandika neno moja la Kiingereza kwa mikungu yote miwili, akamfunga mtu. Alifungwa kwa sababu Kiingereza ni maskini wa migomba. Nilipolalamika, Ta Kyaruzi alinipa kahawa nitafune.

Kisha vita vikaja. Majeshi ya nduli, mtawala wa nchi jirani, yalivuka mpaka, watu wa kaskazini ya mto, upande wa mpakani, wakakimbia na magodoro kichwani, na sisi wa mjini tukakimbilia kusini. Nilifikia kwa shangazi yangu, kijiji cha Izigo. Barabarani kulikuwa na kizuizi cha mgambo, na kiongozi wao, aliyetoka mkoa mwingine, aliposikia kwamba mimi ni mkalimani akaniita. Walikuwa wamemfunga kamba mchungaji mmoja wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa anasema Kiganda tu, kama wengi wa kule. Kwa mgambo, asiyejua Kiswahili si Mtanzania, na asiye Mtanzania ni jasusi. Walikuwa wamemhoji tangu jana yake. Kila alipokosa kuelewa walirudia swali kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba Kiswahili kikipigiwa kelele kinaingia chenyewe. Walipochoka na kelele walitumia fimbo.

Nilimuuliza kwa Kiganda changu cha sokoni, "Baba, unawaambia nini hawa?"

Akasema, "Nawaambia askari wa nduli walipojificha. Nimewaambia tangu jana. Nimewachorea hata mchangani. Wananipiga."

Nilimtafsiria kiongozi. Akasema, "Kwa nini hakusema mapema?" Nilimwonyesha chini. Ramani ilikuwa bado ipo mchangani, imekanyagwa na buti. Walituma watu kwenda kutazama, wakakuta majivu ya kuni na mifupa ya ng'ombe. Mchungaji aliitambua mifupa. Ng'ombe walikuwa wake.

Vita vilipoisha nilihamishiwa Muleba, na huko ndiko nilikozeekea. Ta Kyaruzi alibaki Bukoba akastaafu, tukawa tunatumiana salamu kwa watu.

Miaka ile baada ya vita, vijana wengi walikuwa wakivuka mpaka kufanya biashara. Walirudi na vitambaa vizuri, na kimoja kiliitwa Juliana. Ugonjwa ulipoanza tukauita kwa jina la kitambaa hicho, kwa kuwa uliwaanza walewale waliokivaa. Baadaye wataalamu walituletea jina sahihi, tukalishukuru, tukaendelea kuzika. Mahakama ilijaa mirathi. Kila marehemu aliacha mjane, kibanja cha migomba na kahawa, na ndugu wa kiume aliyekumbuka ghafla kwamba alimpenda sana marehemu.

Hapo ndipo ninapofika kwa Kokuhirwa.

Kokuhirwa alikuwa mke wa Muganyizi, mfanyabiashara wa vitambaa, na kibanja chao kilikuwa si mbali na kwa shangazi yangu Izigo. Alizaliwa hasikii. Hakupelekwa shule, kwa kuwa hapakuwa na shule ya kumpeleka. Hakusema neno hata moja katika maisha yake. Msidhani alikuwa mnyonge, maana watu wakisikia "bubu" huanza kusikitika. Alikuwa mkali. Mbuzi wa jirani akiingia kwenye maharage yake, alimrudisha mbuzi akiwa amefungwa shingoni mashina ya maharage yaliyoliwa, ili mwenye mbuzi asipate shida ya kuelewa. Yeye na mumewe walikuwa wametengeneza lugha yao ya mikono. Watoto wao wadogo waliijua, na mama mkwe wake, Ma Paskazia, aliijua kwa sababu alikaa nao. Wengine wote kijijini walimpungia mikono kama wanaofukuza inzi, kisha wakasema haelewi.

Muganyizi alipokuwa mgonjwa, wataalamu walikuja kijijini kutoa elimu ya ugonjwa huo, nikaombwa nitafsiri Kiswahili chao kwa Kihaya. Kokuhirwa alikaa mbele kabisa. Mtoa mada akaniuliza, "Yule mama mbona ananitazama hivyo?"

Nikamwambia hasikii.

"Basi mwombeni arudi nyuma, awapishe wanaosikia. Huyu hatuna namna ya kumwelimisha."

Akarudishwa nyuma. Nafasi yake akaichukua shemeji yake, Ishengoma, mdogo wa Muganyizi. Ishengoma alikuwa amesoma, Kiswahili chake kilinyooka kama cha redio, na mwisho wa semina alichaguliwa kuwa katika kamati ya kijiji ya kuelimisha wenzake. Alirudia somo lote bila kukosea, hata kikohozi cha mtoa mada nadhani angekiweka angeombwa. Wakati huo tayari alikuwa amerithi mjane mmoja wa binamu yake, na alikuwa ameanza kukonda.

Muganyizi alikufa. Tangu alipozidiwa hadi alipokufa, mama yake alikuwa hospitalini Rubya akimuuguza binti yake, kwa ugonjwa uleule. Ma Paskazia alirudi akakuta kaburi, na akaambiwa kwamba mwanawe, mbele ya wazee wa ukoo, alitoa wosia kwa mdomo wake kwamba kibanja apewe Ishengoma, naye amrithi mjane na kumtunza, kwa kuwa mke wangu, alisema marehemu, hana akili ya kujisimamia. Mama aliamini. Angeachaje kuamini? Aliyemweleza alikuwa mtoto wake, na mwingine alikuwa ardhini.

Kokuhirwa alikataa. Ishengoma alipoleta godoro lake, alilitoa nje. Alipolirudisha, alilitoa tena akalimwagia maji ya jivu. Ukoo ukaenda mahakama ya mwanzo. Wazee waliapa, wakaeleza wosia waliousikia kwa masikio yao. Mjane hakuapishwa kabisa, kwa maelezo kwamba mtu asiye na lugha hawezi kujua maana ya kiapo, wala hana la kusema kuhusu maneno ambayo hakuyasikia. Kibanja kikapewa Ishengoma. Kaka yake Kokuhirwa, ambaye aliishi mbali na hakuzijua ishara zake, angalau alijua njia ya kuja kwetu, mahakama ya wilaya, akamkatia rufaa.

Hakimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa vitabu, na vitabu vilimwambia kwamba sheria inaruhusu shahidi asiyesema atoe ushahidi kwa ishara. Alikasirika kidogo, kama mtu aliyekuta mlango ambao angependa uwe umefungwa. Akaamua kusikiliza ushahidi upya. Shida ikawa nani atatafsiri ishara. Watoto walikuwa wadogo mno. Akabaki Ma Paskazia.

Hakimu akamuuliza Ishengoma kama anapinga. Ishengoma alitabasamu. "Sina pingamizi, Mheshimiwa. Ni mama yangu."

Nilimwapisha Ma Paskazia mimi mwenyewe, kwa Kihaya, kwamba atatafsiri kwa ukweli bila kupunguza wala kuongeza. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, amevaa rozari, na alisimama kati ya mkwe wake na mimi. Kokuhirwa angesema kwa mikono, Ma Paskazia kwa Kihaya, mimi kwa Kiswahili, na hakimu kwa Kiingereza. Nilimnong'oneza nilichofundishwa: akisema "mimi", nawe useme "mimi".

Kwanza walisikilizwa tena wazee. Waliapa mmoja baada ya mwingine na wote walisema marehemu alitamka, "Kibanja changu namkabidhi mdogo wangu wa damu." Waliyatamka maneno hayo kwa Kiswahili, safi, kama yalivyotakiwa kuandikwa. Muganyizi nilimfahamu. Kiswahili alikitumia kuuzia vitambaa na kugombana na polisi. Hawezi kuwa alikitumia kutoa wosia kitandani mbele ya wazee wa ukoo wake. Hakimu hakuligundua hilo, na mimi, kama Ta Kyaruzi alivyosema, sikuwepo.

Kisha zamu ya Kokuhirwa. Hakimu akasema, "Muulize kama anajua tofauti ya ukweli na uongo."

Nilimgeuzia Ma Paskazia swali kwa Kihaya, naye akalipeleka kwa mikono. Kokuhirwa hakufikiri sana. Alimnyooshea Ishengoma kidole, kisha akaweka vidole vyake kama mdomo wa bata, akavifungua na kuvifunga haraka haraka, na mkono wa pili, chini chini, ukawa unavuta kitu na kukitia mfukoni. Watu walicheka hadi askari akagonga meza.

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

Ma Paskazia aliona aibu. "Anasema uongo ni…"

"Ma, sema kama yeye," nikamkumbusha.

"Nasema uongo ni kazi ya huyu."

Nikatafsiri. Hakimu aliandika sentensi ndefu ya Kiingereza ambayo maana yake ilikuwa kwamba shahidi ameonekana kuelewa maana ya kiapo.

Akaanza kueleza. Wadogo zangu, nimesikia mashahidi wengi wenye ndimi zao, na wengi wao walizunguka kama mtu anayetafuta choo kwenye nyumba ya wageni. Huyu hakuzunguka. Alionyesha mume akirudi safari na mzigo begani. Alionyesha suruali inayoshuka kiunoni. Alionyesha mdomo, ndani yake weupe, ulimi, koo, uji unaorudi. Ma Paskazia alifuata vizuri: "Nilimpa uji, ukarudi. Nilimpa maji kwa kijiko, yakarudi." Alipofika kwenye koo, Kokuhirwa alishika koo lake, akafungua mdomo kwa nguvu kama anayepiga kelele, kisha akaushusha mkono taratibu mpaka pajani, ukalala.

Ma Paskazia akasema, "Sauti yake ikaisha." Akamtazama mkwe wake, akamuuliza kitu kwa mikono, nje ya utaratibu. Kokuhirwa akaitikia kwa kichwa. Akaonyesha mikono yake mwenyewe, kisha mahali ambapo mume angekuwa amelala, kisha mikono tena.

"Basi…" Ma Paskazia alisafisha koo. "Tangu hapo mume wangu aliongea kama ninavyoongea mimi. Kwa mikono. Hakuwa na njia nyingine."

Wazee wa ukoo wakatazamana. Hakimu aliendelea kuandika, kwa sababu mwandishi huchelewa kuelewa.

Kokuhirwa akaendelea. Wazee wameingia. Wamesimama mlangoni, wamejifunika pua. Ishengoma amekaa kitandani. Hapo akafanya tena mdomo wa bata, akauelekeza kwa Ishengoma. Kisha akaonyesha mume wake, akajifunga midomo kwa vidole viwili, akaibana hivyo, na hakuiachia.

Ma Paskazia hakusema kitu.

"Shahidi anasema nini?" hakimu akauliza.

Nikasema, "Mkalimani amenyamaza, Mheshimiwa."

"Mwambie atafsiri."

Nilimwambia. Ajabu ya mahakama ni hiyo. Hapakuwa na mtu mle ndani, kuanzia wazee wa ukoo hadi mwanamke aliyekuja na kesi yake ya kuku, ambaye hakuwa ameelewa vile vidole viwili. Lakini mpaka neno litamkwe, mahakama ilikuwa haijui kitu. Na wa kulitamka alikuwa mama wa wote wawili.

Ishengoma akasema polepole kwa Kihaya, "Ma, acha."

Sikulitafsiri hilo, kwa sababu hakuwa kizimbani. Ma Paskazia alishika rozari yake, akaiachia. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama hakimu, ambaye hakuijua lugha yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nilikuwepo. Mume wangu hakufungua mdomo. Aliyesema wosia ni shemeji yangu, na hawa walikuwa mlangoni wakiitikia."

Nikayageuza kwa Kiswahili, neno kwa neno.  

Ishengoma alipewa nafasi ya kuuliza maswali, na nitamtendea haki: aliuliza swali zuri kuliko yote niliyosikia kwa mawakili. "Mheshimiwa, kipofu hawezi kuja hapa kutoa ushahidi wa rangi. Huyu hajawahi kusikia sauti ya mtu yeyote tangu azaliwe. Hajui sauti ni nini. Atajuaje kama mtu ana sauti au hana? Midomo ya mgonjwa huwa haifunguki sana. Huenda kaka yangu alisema polepole, sisi tukasikia, yeye akaona mdomo umetulia. Hawezi kujua asichoweza kukisikia."

Hakimu aliinua kichwa, akaiweka kalamu chini. Nilimwona amefurahi, hatimaye mtu alikuwa amesema kitu kilichofanana na kitabu. Akaagiza swali lipelekwe.

Ilimchukua Ma Paskazia muda kulipeleka. Nilimwona akishika sikio, koo, akirudia. Kokuhirwa alitazama mpaka mwisho, uso umekunjamana kama mtu anayeulizwa jua ni nini. Kisha akamsogelea mama mkwe wake, akamwekea kiganja wazi juu ya kifua, chini kidogo ya shingo, akamfanyia ishara: sema.

"Niseme nini?" Ma Paskazia akauliza kwa mshangao.

Kokuhirwa akaitikia kwa kichwa, akaonyesha kiganja chake kikitetemeka. Alikuwa ameipata sauti. Akamwonyesha hakimu kile kiganja. Kisha akakishusha hewani, juu ya kifua cha mtu asiyekuwepo, akakiweka hapo. Kiganja hakikutetemeka. Alikiweka muda mrefu.

Ma Paskazia alitafsiri bila kuombwa. "Hivi ndivyo nilivyomsikia mume wangu tangu aliponioa. Akiniita gizani alichukua mkono wangu akauweka hapa. Akisema na wageni, nikitaka kujua kama amekasirika, niliuweka hapa. Sauti yake naijua. Siku waliyokuja wazee nilikuwa nimemwegemeza kwangu ili apumue, na mkono wangu ulikuwa hapa. Kulikuwa na pumzi. Sauti haikuwepo."

Ishengoma alikaa chini. Nilidhani kesi imekwisha, lakini mimi nilikuwa karani tu. Hakimu alisema ushahidi huo ni wa kugusa moyo, ila mahakama haiwezi kuhukumu kwa kugusana. Akaagiza aletwe tabibu aliyemtibu marehemu. Tukaahirisha.

Tabibu alikuja amevaa tai. Alieleza kwa Kiingereza, na kwa mara ile moja sikuwa na kazi. Alitaja ugonjwa wa fangasi wa kinywani na kooni kwa jina lake la Kilatini, akasema ulikuwa umemmaliza marehemu sauti kabla hajatoka hospitali ya Bukoba kurudi nyumbani, na kwamba asingeweza kutamka wosia wala sala. Hakimu alimwomba alitaje lile jina herufi kwa herufi. Aliandika kwa furaha. Kilichosemwa kwa kiganja kilikuwa cha kugusa moyo. Kiliposemwa kwa Kilatini kikawa ushahidi. Kilikuwa kitu kilekile. Niliwatazama wote wawili, tabibu na mjane, wakiwa wamekaa benchi moja, na ni mmoja tu kati yao aliyekuwepo chumbani kwa marehemu.

Hukumu ilimrudishia Kokuhirwa kibanja, akikishika kwa ajili ya watoto wake. Ilikuwa ndefu na yenye Kiingereza kizuri, na ilimsifu tabibu. Kuhusu mjane ilisema ushahidi wake "hauonekani kupingana" na wa kitaalamu.

Nitawaambia yaliyofuata ili msiniulize. Ishengoma hakuishi muda mrefu. Aliendelea kufundisha kamati ya kijiji mpaka hakuweza kusimama, na alifundisha vizuri. Mjane wa binamu yake alimfuata. Aliyemuuguza Ishengoma ni mama yake, na aliyempelekea mama huyo chakula kila siku ni Kokuhirwa, ingawa hakuingia ndani. Kokuhirwa mwenyewe ugonjwa ulimpita, kwa bahati ambayo hakuna mtaalamu aliyenieleza. Siku moja nilimuuliza kupitia kwa Ma Paskazia kwa nini alilikataa lile godoro, kama ni kwa ajili ya kibanja. Alinitazama kama anayemtazama mjinga. Akanyoosha mkono kuelekea makaburi ya jirani, mume, kisha mke. Makaburi ya pili, mume, kisha mke. Akapima kwa vidole ukondefu wa mkono wa Ishengoma, akatikisa kichwa. Semina yake aliipata huko, bila kutafsiriwa.

Maskini wa maarifa si asiye na lugha. Nimefanya kazi na lugha maisha yangu yote, na nimeona inavyotumika zaidi kuwazuia watu wasijue walichokwisha kukiona. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia, na sasa nimeshalisema, mnaweza kulipigia makofi kama lile daraja.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni jioni ile ya hukumu. Watu walikuwa wametawanyika. Nilikuwa nafunga madirisha, nikawaona wale wanawake wawili barazani, wamekaa kwenye ngazi. Ma Paskazia alikuwa akiuliza kitu kwa mikono. Aliuliza, akasita, akauliza tena, kama mtu anayeogopa jibu. Nilijua bila kuambiwa kwamba anauliza habari za mwanawe, zile siku za mwisho alizokosa, ambazo mtu mmoja tu duniani alikuwa na maneno yake. Mahakama haikuwa imeziuliza. Hazikuhusu kibanja.

Kokuhirwa alimjibu. Mikono yake ilikwenda polepole, na sasa haikuwa mikono yake. Nilitambua kwamba anasema "mimi" kwa niaba ya Muganyizi, kama Ta Kyaruzi alivyotaka watu waseme. Ma Paskazia alizifuata zile ishara kwa macho, akafunika mdomo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote.

Hakimu alitoka na mkoba wake, akasimama karibu nami dirishani, akawatazama kwa muda. Alikuwa na sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Bi Justa," akasema, "wanasema nini?"

Nikamjibu, "Mheshimiwa, mahakama imeshafungwa."